Moroni iko karibu na Mtwara kuliko Dar, lakini ndege inapita Dar

Chukua ramani, weka rula pale kiwanja cha ndege Mtwara, pima mpaka Hahaya, kiwanja cha Moroni, kule Ngazija kwenye visiwa vya Komoro. Utapata kama kilomita 360 hivi. Sasa pima kutoka hapo hapo mpaka kiwanja cha Dar, inakuja kama 400. Yaani kwa mstari ulionyooka Wangazija ni majirani zetu wa karibu kuliko watu wa Kariakoo, na hii sio siasa, ni rula tu. Lakini mtu wa Shangani au Mikindani hapa Mtwara akipigiwa simu kwamba shangazi yake amefariki Moroni anafanyaje? Anapanda kwenda Dar kwanza, anaelekea kaskazini, halafu akifika Dar anapanda nyingine inayorudi kusini mashariki kilomita 680 na kitu, kwahiyo jumla katembea zaidi ya kilomita elfu moja kwenda mahali ambapo ni 360, na maziko hayamsubiri.

Jibu la haraka ambalo utalisikia kwenye kila baraza la kahawa kuanzia Lindi mpaka Mtwara ni kwamba kusini tumesahaulika. Mimi hilo nalikubali nusu tu. Nusu nyingine ni kwamba ukiangalia ruti za ndege za visiwa vya mbali duniani kote utakuta hii yetu ndo kawaida. Kisiwa huwa hakiunganishwi na bara lililo karibu nacho, kinaunganishwa na bara lenye hela, lenye bendera yake, lenye hospitali na lenye ndege za kuendelea mbele. Ukaribu unakuja wa tano au wa sita huko. Na mpaka tulielewe hilo tutaendelea kudhani kwamba tukishakuwa na lami ndefu basi ndege zitakuja zenyewe.

Tuanze na St Helena maana ile ni darasa zima. Kale ni kakisiwa ka Waingereza katikati ya Atlantiki, watu kama elfu nne na mia tano tu, kutoka pwani ya Angola na Namibia ni karibu kilomita 1,900 na zaidi. Kwa miaka na miaka ilitumika kama jela, ukiwa mkorofi wa kimataifa unapelekwa kule. Napoleon alifia pale 1821. Dinuzulu mfalme wa Wazulu alifungiwa pale. Na wa kwetu pia yupo, Sayyid Khalid bin Barghash, yule aliyekaa kwenye kiti cha Zanzibar Agosti 1896 Waingereza wakampiga mizinga vita ikaisha kabla uji haujapoa, akakimbilia kwa Wajerumani Dar, Waingereza walipoichukua Dar 1916 wakamkamata na kumpeleka uhamishoni, St Helena na Shelisheli, mpaka baadae akaruhusiwa kurudi na akafia Mombasa 1927. Kwahiyo tusijifanye hatukijui.

Sasa kisiwa hiki kilikuwa kinafikiwa na meli moja tu ya posta kutoka Cape Town, safari ya siku tano sita baharini. Uingereza wakasema hapana, tunawajengea uwanja. Wakamwaga pauni milioni 285, wakajaza korongo zima kwa mawe ili wapate sehemu tambarare ya kuweka njia ya kurukia, na ilitakiwa ufunguliwe Mei 2016. Aprili mwaka huo huo ikaja Boeing 737 kujaribu, na ndipo mambo yakaanza. Upepo. Uwanja uko juu kwenye ukingo wa jabali, upepo wa bahari ukigonga lile jabali unapinda na kubadilika ghafla pale pale ndege inapotaka kugusa chini. Ufunguzi ukaahirishwa, magazeti ya Uingereza wakaubatiza jina la uwanja usio na faida kuliko yote duniani, na kule Bungeni kwao watu wakaulizana maswali ya aibu.

Ndege ya kwanza ya abiria ya ratiba ilikuja kutua tarehe 14 Oktoba 2017. Na haikuwa ile 737 waliyoipigia hesabu, ilikuwa Embraer 190 ya Airlink ya Afrika Kusini, na hapa ndo pa kusoma kwa makini. Ile ndege ina siti karibu mia lakini walianza kwa kupakia 76 tu. Ikitoka Johannesburg ilikuwa inashuka kwanza Windhoek kujaza mafuta, ili ikifika kule ikakuta upepo umekataa iwe na mafuta ya kugeuza kurudi bara. Yaani abiria ishirini na kitu wanaachwa ili yabebwe mafuta ya safari ambayo unaomba Mungu isitokee. Halafu mara moja kwa wiki. Halafu serikali ya kisiwa imeahidi kufidia kama siti hazijai.

Na angalia ruti yenyewe inaishia wapi. Bara lililo karibu ni Angola na Namibia. Lakini ruti ni ya Johannesburg, na baadae wakaongeza ya msimu ya Cape Town. Namibia ilikuwa ni kituo cha mafuta. Luanda haipo hata kwenye mazungumzo. Kwanini? Kwasababu mtu wa St Helena akitoka anataka kwenda kutibiwa, kununua vitu, na kuunganisha ndege ya London, na hayo yote yako Afrika Kusini. Windhoek ndo Mtwara ya kule, samahani ndugu zangu wa Namibia.

Falkland ni mbaya zaidi. Vile visiwa viko kilomita kama 500 tu kutoka Argentina, ungetegemea ndege za Buenos Aires kila siku. Wapi. Argentina na Uingereza walipigana vita 1982 kuvigombania, na mpaka leo njia kuu ya raia ni ndege ya Jumamosi kutoka Chile, Santiago kupitia Punta Arenas, kwa makubaliano ya 1999 ambayo yaliruhusu isimame mara mbili kwa mwezi kule Río Gallegos Argentina, mara moja wakati wa kwenda na mara moja wakati wa kurudi. Njia nyingine ni ndege ya jeshi la Uingereza inayotoka kwao kabisa, karibu kilomita 13,000, na inabidi isimame njiani kunywa mafuta. Kilomita elfu kumi na tatu kumpita jirani wa 500. Bendera hiyo.

Na hata hapa kwetu tusiende mbali, Maore, ambayo Wafaransa wanaiita Mayotte, iko kwenye kundi lile lile la Ngazija, Nzwani na Mwali, ndugu wale wale lugha ile ile, lakini tangu 2011 ni mkoa kamili wa Ufaransa na kuna ndege inatoka pale mpaka Paris, kilomita elfu nane. Mtu wa Maore kwa ndege anafika Paris kirahisi kuliko anavyofika Mtwara. Mafia nayo, kisiwa chetu wenyewe, bara lake la karibu ni delta ya Rufiji lakini kandege kanatoka Dar, na hakuna mtu anayeshangaa.

Sasa kuna watu watasema hiyo yote ni biashara na siasa, upande wa ufundi wa ndege je, si umbali juu ya maji ndo unaogopesha? Swali zuri, na hapa napenda kukaa kidogo maana watu wengi wanachanganya.

Linganisha Hawaii na kisiwa cha Pasaka, Rapa Nui kama wenyewe wanavyokiita. Honolulu mpaka San Francisco ni kama kilomita 3,850. Rapa Nui mpaka Santiago ni kama 3,750. Karibu sawa kabisa, kote ni maji matupu. Lakini Hawaii kila siku zinaingia ndege hata huwezi kuhesabu, za kampuni tofauti, za miji tofauti, na Rapa Nui kwa miaka mingi ni kampuni moja tu, LATAM, na ndege zake ni za kuhesabu kwa vidole. Umbali ni ule ule kwahiyo umbali sio jibu.

Moja, Hawaii ina watu karibu milioni moja na nusu na watalii wasiohesabika, Rapa Nui ina watu kama elfu nane. Hiyo ni rahisi. Lakini la pili ndo tamu zaidi. Ukiikosa Honolulu unaenda Kahului, ukiikosa Kahului unaenda Kona au Hilo, viwanja vimejipanga. Ukiikosa Mataveri ya Rapa Nui, uwanja mwingine uko zaidi ya kilomita 2,500, kwenye visiwa vya Wafaransa huko. Kwahiyo kuna mahali katikati ya bahari ambapo rubani akishapavuka hana tena mafuta ya kurudi Chile, ni mbele tu. Na utaratibu wa pale ni kwamba ndege ya pili haivuki pale mahali mpaka ya kwanza iwe imeshatua salama, kwasababu ya kwanza ikipasuka tairi katikati ya njia ya kurukia, njia ni moja, ya pili itaenda kutua wapi? Baharini. Basi hata ungekuwa na abiria wa ndege kumi wanaotaka kufika asubuhi moja, zinaingia kwa zamu.

Cha kuchekesha ni kwamba njia ya kurukia ya Mataveri ni ndefu hasa, zaidi ya mita 3,300, na sio kwasababu ya wenyeji wala ya ndege za abiria. Miaka ya 80 NASA ya Marekani waligharamia kuirefusha ili chombo chao cha angani kikipata shida baada ya kurushwa kutoka California kiwe na pa kutua dharura. Challenger ikalipuka 1986, mpango wa kurushia California ukafa, na hakuna chombo kilichowahi kutua pale. Lami ikabaki. Ndege kubwa zikafaidi. Ni kati ya mara chache hapa duniani lami ilitangulia na ruti ikafuata, na ilihitaji NASA.

Kwa visiwa vya namna hiyo, ambavyo havina uwanja mwingine wa kukimbilia, sheria za kimataifa zinataka ndege ya jeti ifike ikiwa na mafuta ya kuendelea kuruka kama masaa mawili juu ya kisiwa. Maana yake unaomba hali ya hewa ifunguke ukiwa hewani. Mafuta ya masaa mawili kwa ndege kubwa ni tani kadhaa, na kila tani ya mafuta ni abiria na mizigo iliyobaki bara. Kwahiyo tiketi ya kisiwa cha mbali unalipia na mafuta ambayo hayatachomwa. Watu wakiona bei wanasema ni wizi, pengine upo na wizi kidogo, ila sehemu kubwa ni hiyo.

Na kuna zile kanuni za injini mbili. Zamani ndege ya injini mbili haikuruhusiwa kwenda zaidi ya dakika 60 kutoka uwanja wa karibu, ikihesabiwa kwa mwendo wa injini moja. Ndo maana Hawaii ilikuwa ya ndege za injini nne na tatu. 1985 wakaanza kuruhusu dakika 120, baadae 1988 zikafika 180, ikawa mapinduzi maana injini mbili zinakula mafuta kidogo, na leo hata 737 inaenda Hawaii. Bahari haikupungua, kilichobadilika ni uaminifu wa injini na karatasi ya kuruhusiwa.

Kabla ya yote hayo mambo yalikuwa ni ya kubahatisha. 1925 jeshi la maji la Marekani lilirusha ndege ya kutua majini kutoka San Francisco kwenda Hawaii, kamanda akiitwa John Rodgers na wenzake wanne. Mafuta yakaisha kabla ya kufika, wakatua baharini, meli zikawatafuta zikawakosa. Wale jamaa wakachana kitambaa cha mabawa wakatengeneza tanga, na ndege ikasafiri kwa upepo siku tisa mpaka ikafika kisiwa cha Kauai. Mzee yeyote wa Mikindani akisikia hiyo atakwambia rubani yule alikuwa nahodha aliyekosea chombo.

Lakini kisa cha mafuta na kisiwa kinachotuhusu sisi hakichekeshi. Tarehe 23 Novemba 1996 ndege ya Ethiopia namba 961, Boeing 767, ilitoka Addis kwenda Nairobi, vijana watatu wakaiteka wakitaka ipelekwe Australia. Rubani Leul Abate akawaambia mafuta haya ni ya Nairobi, hayafiki. Hawakumuamini, walikuwa wameona kwenye jarida la ndege kwamba aina ile inaweza kukaa hewani masaa 11. Inaweza ndio, ikijazwa! Rubani akaamua kufuata pwani ya Afrika kuja kusini, huku huku kwetu, akitumaini kubaki karibu na nchi kavu, wale wakagundua wanaona ardhi wakamlazimisha aelekee mashariki. Akaelekea Ngazija akitafuta uwanja wa Moroni, injini zikazima moja baada ya nyingine, ikaanguka majini karibu na ufukwe wa hoteli ya Galawa. Watu 175 walikuwemo, 125 walikufa. Wenyeji na watalii waliingia na mitumbwi kuwaokoa waliobaki.

Miaka kumi na tatu baadae, 30 Juni 2009, ndege ya Yemenia namba 626 ikaanguka baharini usiku ikijiandaa kutua pale pale Hahaya, watu 152 wakafa akapona binti mmoja. Ile haikuwa mafuta. Hahaya ni uwanja wa upepo mgumu, pembeni una mlima Karthala wa mita 2,361 ambao ni volkano hai, na kuingia usiku kunataka ujuzi. Nayataja haya sio kutisha mtu, nayataja kwasababu nikisema ruti ya Mtwara na Moroni ni rahisi kiufundi mtu asinione nimesahau.

Na kwa kweli ni rahisi kiufundi. Hebu piga hesabu. Kilomita 360, ndege ya mapanga kama ATR au Q400 inatumia chini ya lisaa limoja. Ikikuta Hahaya kumefunga kuna Wani kule Nzwani, kuna Maore, na hata ikigeuza kurudi Mtwara mafuta ya kwenda na kurudi yanaenea bila kumwacha abiria hata mmoja. Hakuna pa kutorudi. Kenneth, kile kimbunga cha Aprili 2019, kilipiga Ngazija siku moja na kesho yake kikaingia Cabo Delgado, huku Mtwara na Lindi tukaambiwa watu wa mabondeni wahame, kwahiyo mpaka sasa anayejua njia ya moja kwa moja vizuri ni kimbunga. Kiwanja cha Mtwara kimeshakarabatiwa, njia ya kurukia imerefushwa hadi mita 2,800. St Helena waliopigania mpaka wakapata wana mita 1,950 na jabali. Kwa lami tumewazidi.

Sasa kama lami ipo, mafuta sio tatizo, umbali ni mfupi, kilichobaki ni nini? Kilichobaki ni nani anakaa kwenye zile siti Jumanne ya kawaida, na ndege inarudi na nani.

Hapo ndo wengi wanakosea, wanahesabu kwenda tu. Ruti inakufa kwenye kurudi. Msimu wa korosho hapa Mtwara hela zinakuwepo, kuanzia Oktoba mpaka Desemba hivi, wafanyabiashara wanazunguka, hoteli zinajaa, basi ndege ya Dar inajaa kwenda na kurudi. Baada ya hapo? Tunajuana. Na korosho zenyewe hazipandi ndege, zinapanda meli. Saruji imeshapelekwa Komoro kutoka bandari yetu, vizuri sana, nayo ni ya meli. Mzigo wa ndege ni kitu chepesi chenye thamani au kinachooza haraka, au binadamu mgonjwa, au binadamu mwenye haraka.

Mgazija anayekuja Tanzania anakuja kufanya nini? Anakuja kutibiwa, Muhimbili na pale kwa magonjwa ya moyo wamezoea kabisa kupokea wagonjwa kutoka kule. Anakuja kununua, Kariakoo, nguo na vipuri na vyombo vya harusi. Anakuja kupanda ndege ya kwenda mbele. Anakuja kusoma. Vyote vinne viko Dar. Kwahiyo ndege ikimshusha Mtwara imemshusha karibu na kwao na mbali na shida yake, na hapo ndo ule ukaribu wetu wa kilomita 360 unakosa kazi. Ukimwambia Mgazija ashuke Mtwara kwasababu ni karibu atakuuliza karibu na nini.

Jibu letu la kweli ni moja, nalo ni hospitali. Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Kusini pale Mitengo ipo, majengo makubwa, na imejengwa kuhudumia Mtwara, Lindi na Ruvuma. Mgonjwa wa Moroni anayehitaji kipimo au upasuaji wa kawaida, sio wa moyo, kinachompeleka Dar ni mazoea na jina. Na mgonjwa haji peke yake, anakuja na dada yake na mtoto wa kaka, wanapanga chumba wiki mbili, wanakula, wanapanda bajaji, wakirudi wananunua. Siti tatu kwenda, siti tatu kurudi, mwaka mzima, bila kusubiri korosho. Lakini hiyo inataka madaktari bingwa wawepo kweli sio kwenye bango, na mtu wa mapokezi anayejua kwamba bibi wa Kingazija Kiswahili chake ni cha aina yake na Kifaransa anakijua kuliko Kiingereza. Hapo mimi sina uhakika kama tuko tayari, na ningependa mkoa uzungumzie hilo kuliko kuzungumzia ndege.

La pili ni harusi. Julai na Agosti Wangazija wa Ufaransa wanarudi kwao kwa wingi kwa ajili ya zile harusi kubwa za kimila, mtu anaweza kuwekeza miaka kwa ajili ya harusi moja. Ule ni msimu wa hela. Mchele, nyama, vitambaa, wapiga ngoma, vyote vinanunuliwa. Ukiweka ndege mbili kwa wiki miezi hiyo miwili tu, na nyingine msimu wa korosho, una ruti ya msimu, kama St Helena walivyofanya na Cape Town. Hakuna aibu kwenye ruti ya msimu. Aibu ni kuzindua ruti ya kila siku kwa ngoma na keki halafu mwezi wa tatu inafutwa kimya kimya, abiria waliokwisha kata tiketi wanaambiwa wapitie Dar kama zamani.

La tatu, na hili halipendwi, ni nani anafidia siti tupu. Wale wa St Helena hawakuiomba kampuni ya ndege iwaonee huruma, waliweka makubaliano kwamba zikipungua tunalipa. Huku kwetu tunataka kampuni ya umma ibebe hasara kimya kimya halafu tukasome ripoti ya mkaguzi tukasirike. Kama halmashauri, bandari, wafanyabiashara wa Mtwara na Lindi na wenzao wa Moroni wanaitaka hii ndege basi waseme kabisa, kwa miezi sita tunanunua siti ishirini kila safari zijae zisijae. Siti ishirini ni hela ya kueleweka, watu kadhaa wanaoagiza vitu Komoro wanaweza kuichanga. Wakikataa kuchanga basi tujue hawaitaki, wanaipenda tu.

Ndugu zangu wa Lindi najua mtauliza Kikwetu, kiwanja chenu cha ndege, je. Kikwetu iache ijengwe ikamilike kwanza, na hata ikikamilika mtu wa Lindi kwenda Mtwara ni barabara ya lami ya masaa mawili hivi, ruti moja inatosha mikoa miwili. Tusigombanie ndege ambayo haipo.

Kuna hoja nyingine ninayoisikia kwamba tukingojea biashara iwepo kwanza hatutapata ndege maisha, kwamba ndege ndo italeta biashara. Ina ukweli, Rapa Nui kabla ya 1967 ndege za abiria zilipoanza kulikuwa na meli chache kwa mwaka na leo maisha yao yote ni utalii unaoingia kwa ndege. Lakini Chile walikuwa na sababu ya kuishikilia ile ruti, kisiwa ni chao, bendera yao, kuiacha ni kama kukiacha kisiwa. Ngazija sio yetu. Hakuna waziri atakayepoteza usingizi kwamba Moroni haijaunganishwa na Mtwara, wala wa kwetu wala wa kwao. Kwahiyo ile nguvu ya bendera sisi hatuna, tuna undugu, na undugu kwenye ndege unahesabika kwa tiketi zilizolipiwa.

Mei 2024 mvua za kimbunga Hidaya zilipokata barabara ya kusini maeneo ya Somanga na kwingineko, malori yakalala njiani siku kadhaa na kila mtu akawa anaulizia ndege. Siku zile kama ungekuwa na ndege ya Moroni ingejaa? Hapana, watu walitaka Dar. Hata tukiwa tumefungiwa macho yetu yanaangalia kaskazini, na mabosi wa ndege wanayaona hayo kwenye takwimu zao za tiketi kabla hatujaandika barua ya maombi.

Kwahiyo kama mkoa unataka kujaribu, ujaribu kidogo na kwa kupima. Ndege ya mapanga, Jumanne na Ijumaa, Julai na Agosti, siti ishirini zikiwa zimeshalipiwa, kitengo cha wagonjwa wa nje ya nchi kikiwa kimefunguliwa kweli pale Mitengo, uhamiaji na forodha wawepo kiwanjani siku hizo mbili wasiitwe kwa simu. Hesabu zibandikwe hadharani, wangapi wamekwenda na wangapi wamerudi. Na ikirudi na abiria sita kila Jumanne mpaka Agosti iishe, ifutwe mwezi wa tisa, na hao sita waambiwe mapema wasije wakakwama na mizigo.